Sura ya Tano: Mkongwe wa Bonde la Ruaha

Barabara kuu inayotoka Morogoro kwenda Iringa, ikishauacha mji wa Mikumi, hushuka na kuingia katika bonde la Mto Ruaha Mkuu. Upande mmoja umekaa safu ya Udzungwa, upande wa pili milima ya Rubeho, na katikati joto hutuama tangu asubuhi. Hapo ndipo mibuyu inapoanza. Kwanza unaona mmoja mmoja juu ya vilima, kisha kundi, kisha miteremko mizima imeshikwa na mibuyu mpaka macho yachoke kuihesabu. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo huipita usiku na mchana. Kijiji kilichokua kando ya barabara, mashuhuri kwa vitunguu vyake, kinaitwa Ruaha Mbuyuni. Abiria hununua vitunguu vyao dirishani kabla basi halijaanza kuupanda Mlima Kitonga. Wanaoshuka kwa ajili ya miti ni wachache.

Sura hii ni ya hao wachache, na ya yeyote anayefikiria kujiunga nao. Mtu akisimama chini ya mbuyu mkubwa, swali la kwanza linalomtoka ni la umri: mti huu una miaka mingapi? Ni swali zuri, nalo limewasumbua wasafiri na wanasayansi kwa muda mrefu. Lakini nyuma yake kuna swali la pili ambalo ni zito zaidi, na mimi naona kwamba aliyemzuru mkongwe bila kuliuliza hajamaliza ziara yake. Swali hilo ni hili: watoto wake wako wapi?

Njia ya kwenda mtini

Nilifika mwezi wa Agosti, kiangazi kikiwa kimekolea. Mashamba ya vitunguu yalikuwa ya kijani kwa maji ya mifereji, na ng'ambo ya mifereji kila kitu kilikuwa na rangi ya vumbi. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akichambua vitunguu pamoja na wajukuu zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za safari?"

"Njema. Nimekuja kuuona mbuyu."

"Mbuyu upi? Hapa mibuyu ni mingi."

"Ule mkubwa, wanaosema ni wa zamani kuliko yote."

Alikung'uta mikono, akaichukua fimbo yake. "Huo tutakwenda wote. Mgeni haendi kule peke yake."

Sikumuuliza kwa nini. Tulivuka mfereji, tukapita vichaka vya miiba, tukapanda kilima kifupi chenye mawe. Mti ulitokea ghafla, kwa kuwa vichaka vilikuwa vimeuficha mpaka tulipoufikia. Haukuwa na jani hata moja. Matawi yake yalikuwa yamejaa mabuyu yaliyoning'inia kwa vikonyo virefu, na upepo ukivuma yaligongana. Shina halikuwa duara. Lilikuwa na mabega, mikunjo na makorongo ambamo mtoto angeweza kujificha. Gome lilikuwa la kijivu, laini kwa mkono, na lilikuwa na joto la jua.

Watoto waliokuwa wakitoka shule walitufuata, wakaona ni mchezo. Wakashikana mikono kuuzunguka mti, na mstari wao ulipokwisha bado sehemu kubwa ya shina ilibaki wazi.

Mzee alinionyesha makovu mapana usawa wa kifua. Hapo watu walichuna gome miaka iliyopita ili kupata nyuzi za kamba, na mti ukaota gome jingine. Miti mingi ikichunwa gome namna hiyo hufa, mbuyu hujiponya. Akanionyesha pia vigingi vya mti mgumu vilivyopigiliwa kimoja juu ya kingine, njia ya wavuna asali kulifikia tundu la nyuki. Vya chini vilikuwa vipya. Vya juu vilikuwa vimemezwa na shina, vingine vichwa tu ndivyo vilivyoonekana.

"Hivi nani alivipigilia, mzee?"

"Vya chini ni vijana wangu. Vya juu, babu yangu alivikuta."

"Na mti wenyewe?"

"Mti nao aliukuta. Tena aliukuta hivihivi ulivyo."

Jibu hilo nimelisikia kwa wazee wengi, pwani na bara. Mti aliokuta babu, naye aliambiwa na babu yake kwamba aliukuta. Ni ushahidi wa kweli, kwa kuwa unathibitisha kwamba vizazi kadhaa havikuona mti ukibadilika. Ila hautoi tarehe, na watu wenye kiu ya tarehe wamehangaika sana na mbuyu.

Mti usiosomeka kwa macho

Mwaka 1749 kijana Mfaransa, Michel Adanson, aliwasili Senegal kuchunguza mimea na wanyama wa huko. Katika visiwa vidogo vilivyo karibu na Dakar ya leo aliiona mibuyu ambayo mabaharia wa Ulaya walikuwa wamechonga majina yao kwenye gome lake vizazi vingi kabla yake. Adanson aliyatumia majina hayo kukisia mwendo wa kunenepa kwa miti hiyo, akapiga hesabu, akahitimisha kwamba baadhi ya mibuyu ina zaidi ya miaka 5,000. Huko kwao wengi waliamini kwamba dunia yenyewe haijapita sana miaka 6,000, kwa hiyo hesabu yake ilizusha mabishano makali. Jina lake likabaki katika jina la kisayansi la mti, Adansonia digitata.

Adanson hakuwa msafiri wa kwanza kuistaajabia. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisafiri kwenda Mali mwaka 1352. Alisimulia juu ya miti minene ajabu, mingine ikiwa na uwazi unaojaa maji ya mvua ambayo wapita njia huyanywa. Ndani ya shina la mmoja alimkuta mfumaji ameketi akifuma nguo. Wengi waliosoma safari zake huitambua miti hiyo kuwa mibuyu.

Ugumu wa kuujua umri wa mbuyu unatokana na mwili wake. Miti mingi ya nchi za baridi huweka pete moja ya ubao kila mwaka, na aliye na subira huzihesabu. Mbuyu nao huweka pete, lakini ni hafifu. Mwaka mwingine pete haionekani, mwaka mwingine zinatokea mbili. Ubao wake ni mwororo, umejaa maji, na mti ukianguka huoza upesi na kubaki rundo la nyuzi. Hata unene hausemi kweli. Shina hunywea wakati wa ukame na kutanuka mvua zikinyesha, kwa hiyo ukiupima mbuyu mwishoni mwa kiangazi na kuupima tena baada ya masika, kamba yako inaweza kukupa vipimo viwili.

Bagamoyo kuna somo zuri kuhusu unene. Katika viwanja vya misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu umesimama mbuyu uliopandwa mwaka 1868, wamisionari walipofika. Leo ni mnene kiasi kwamba mgeni asiyeambiwa angekisia umeishi karne nyingi. Katika shina lake kimenaswa kipande cha mnyororo. Inasimuliwa kwamba Bibi Chevalier, Mfaransa aliyekuwa akiwauguza wagonjwa, aliufunga hapo kwa ajili ya punda wake, na mti ukaendelea kunenepa mpaka ukaumeza. Mbuyu kijana uliopata maji na ulinzi hunenepa haraka. Baadaye mwendo hupungua sana, na ndiyo maana anayeukisia umri kwa mzingo peke yake hupotea.

Jibu la kuaminika lilianza kupatikana mwaka 1963. Mtafiti E. R. Swart alichukua vipande vya ubao kutoka kwenye mbuyu uliokatwa katika eneo la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe za leo, akavipima kwa njia ya kaboni. Njia yenyewe inaeleweka bila shida. Mti ulio hai huchukua kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni kaboni-14, ambayo hupungua kwa mwendo unaojulikana: nusu yake huisha katika miaka ipatayo 5,730. Ubao ukishaumbika haupokei kaboni mpya. Kwa kupima kilichobaki, mtaalamu anajua ubao ule uliumbika lini. Kiini cha mbuyu wa Swart kilikuwa na miaka 1,010 hivi, huenda mia moja zaidi au pungufu.

Aliyeliendeleza jambo hili kuliko wote ni Adrian Patrut wa Chuo Kikuu cha Babeș-Bolyai, nchini Romania. Kuanzia mwaka 2005 yeye na wenzake waliizunguka Afrika wakichukua vipande vyembamba vya ubao, kutoka nje ya shina na kutoka ndani ya mapango ya miti. Hawakulazimika kuukata mti wowote. Walichokigundua kilibadili namna ya kuutazama mbuyu. Mibuyu mingi mikubwa si shina moja. Ni mashina kadhaa ya mti uleule, ya umri tofauti, yaliyokua karibu karibu na kuungana, kama watu waliosimama duara wakakumbatiana mabega. Katikati ya duara hilo hubaki nafasi tupu.

Kwa hiyo pango la mbuyu linaweza kuwa la aina mbili. Kuna pango lililochimbwa na moto, kuoza au tembo. Ndani yake ubao wa zamani zaidi uko karibu na ukuta wa pango, kama mtu yeyote angetegemea. Na kuna pango ambalo halikuwahi kuwa na ubao hata siku moja, kwa kuwa ni ile nafasi iliyozungukwa na mashina yalipoungana. Ukuta wa pango hili una gome. Ukipima kutoka ukutani kwenda nje, umri unapanda kwanza, unafika kilele ndani ya unene wa shina, kisha unashuka tena kuelekea gome la nje. Nilipoingiza kichwa katika uwazi wa mbuyu wa Ruaha niliuona ukuta umevaa gome tangu chini hadi mwanga ulipoishia. Aliyewahi kuingia pango la namna hiyo amesimama mahali ambapo mti umemzunguka pande zote bila mti wenyewe kuwahi kuwapo hapo.

Mbuyu mkongwe kuliko yote waliyoipima akina Patrut uliitwa Panke, nchini Zimbabwe, nao ulikuwa na miaka ipatayo 2,450. Miaka 5,000 ya Adanson haikuthibitika. Hata hivyo, mti ulioota kabla ya Kilwa kuwa mji, kabla ya Kiswahili kuandikwa, na ukaendelea kuzaa mabuyu hadi karne hii, hauhitaji kuongezewa miaka ili uheshimiwe.

Unavyoishi

Mzee alipogonga shina kwa fimbo, mlio uliotoka ulikuwa mzito. "Sikia maji hayo," akasema. Alikuwa na haki. Katika ubao wa mbuyu, maji yanaweza kufikia robo tatu ya uzito wote, na maji hayo ndiyo yanayoupa mwili huo laini nguvu ya kusimama. Watu wengi hudhani kwamba mti huyanywa polepole kiangazi chote. Utafiti uliofanywa kwenye mibuyu ya Madagaska umeonyesha kwamba kazi yake kubwa ni nyingine: mti huyatumia kuchipua majani kabla mvua hazijaanza, ili matone ya kwanza yakute majani tayari. Kwa kuwa mbuyu hukaa bila majani miezi mingi, kila siku ya mvua ina thamani kwake. Chini ya ngozi ya kijivu ya gome mna tabaka la kijani, na hilo nalo huendelea kutengeneza chakula kidogo kwa nuru ya jua.

Katika eneo la Kordofan, nchini Sudan, watu waliyachimba mashina ya mibuyu na kuyageuza visima vya kuhifadhi maji ya mvua, maelfu ya lita katika mti mmoja. Mti uliochimbwa hivyo uliendelea kuishi na kuchanua.

Maua yake ni ya usiku. Jua likizama, vitumba vilivyoning'inia hupasuka na kufunua ua jeupe, kubwa, lenye harufu nzito ambayo binadamu wengi hawaipendi. Popo wanaokula matunda huipenda. Huja kunywa asali ya ua, vifua vyao vikapakwa chavua, wakaruka hadi mbuyu mwingine. Ikifika asubuhi inayofuata ua limenyauka, na baadaye huanguka. Kwa kawaida mbuyu hauzai kwa chavua yake wenyewe. Unahitaji jirani, na unahitaji popo wa kwenda na kurudi. Kijiji kinachochoma moto mapango ya popo kwa kuwaogopa kinapunguza mabuyu yake bila kujua.

Ipo pia mibuyu ambayo huchanua vizuri lakini haizai, au huzaa kidogo sana. Wenyeji wa sehemu nyingi huiita midume. Mimea hii haina dume na jike, maana kila ua lina sehemu zote mbili, lakini wenyeji waliona kitu cha kweli: tofauti ya uzazi kati ya mti na mti ni kubwa na hudumu mwaka hata mwaka. Hatari yake ni kwamba mti ulioitwa mdume huwa wa kwanza kukatwa, ilhali chavua yake huenda ndiyo inayoizalisha mingine.

Tunda lenyewe halihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili. Nani hakulamba ubuyu mwekundu wa Unguja mpaka ulimi ukabadilika rangi? Unga mkavu unaozunguka mbegu una vitamini C kwa wingi kupita chungwa, na una kalsiamu. Wahadzabe walio karibu na Ziwa Eyasi wameutegemea kama mojawapo ya vyakula vyao vikuu kwa vizazi, na wao pia hupanda mibuyu kwa vigingi kufuata asali. Afrika ya Magharibi majani yake hukaushwa na kusagwa kwa ajili ya mchuzi. Ukambani nyuzi za gome lake zilisukwa vyondo. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula, Marekani ikafuata mwaka 2009, na tangu hapo wanunuzi wameanza kufika vijijini na mizani.

Wakongwe wanaoanguka

Mwezi Juni mwaka 2018 Patrut na wenzake walichapisha matokeo ya kuhuzunisha. Kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote waliyoipima, 9 ilikuwa imekufa, au mashina yake ya kale zaidi yalikuwa yameanguka na kufa, ndani ya miaka kumi na miwili tu. Kati ya 6 minene kuliko yote, 5 ilikuwa imepatwa na hali hiyohiyo. Panke ulikuwa umekufa. Mbuyu wa Chapman nchini Botswana, alama ya njia kwa wasafiri wa karne ya 19, ulianguka Januari 2016. Miti hiyo ilikuwa kusini mwa Afrika, na watafiti hawakuona dalili za ugonjwa wa kuambukiza. Walishuku joto lililoongezeka na ukame, wakasema utafiti zaidi unahitajika.

Kwetu, binadamu ameongeza njia yake. Mwaka 2022, katika kaunti ya Kilifi, mibuyu mikubwa iling'olewa na mizizi yake kutoka mashamba ya watu ili isafirishwe hadi Georgia, ikapandwe katika bustani kando ya Bahari Nyeusi. Wenye mashamba walilipwa fedha ambazo kwa familia yenye shida si ndogo, wakapata pia nafasi ya kulima mahindi. Habari zilipoenea, watu wengi walikasirika, na Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza kibali cha kazi hiyo kichunguzwe. Siwalaumu wakulima wale. Mtu anayeuza mbuyu wa karne nyingi kwa ada ya shule ya mwanawe anatuambia jinsi ambavyo sisi wengine, tunaoupenda mbuyu kwa mdomo, hatujawahi kumlipa chochote kwa kuutunza.

Hata hivyo, kufa kwa mkongwe si jambo geni duniani. Kila kilicho hai hufa, na mbuyu uliofikisha miaka elfu umetimiza umri wake. Msiba ni mkongwe kufa bila wa kushika nafasi yake. Hapo ndipo swali la pili linapoingia.

Watoto wake wako wapi

Nilimwomba mzee anionyeshe mbuyu mchanga. Tuliuzunguka mti, tukashuka kilima kwa upande wa pili, tukapita mahali ambapo mbuzi walikuwa wakila. Tuliona mbegu nyingi, maganda ya mabuyu yaliyovunjwa na nyani, na mibuyu mingine mikubwa. Mche hatukuuona.

"Zamani ilikuwepo," alisema. "Siku hizi mbuzi hawaachi kitu, na anayelima naye hajui anachokipalilia."

Maneno hayo yana mambo mawili ya kweli. La kwanza ni mbuzi na ng'ombe. Mche wa mbuyu ni mwororo na mtamu, na katika bonde kavu ni chakula cha kwanza kuonekana. Penye tembo hali ni ngumu zaidi, maana tembo hula hata gome na ubao wa mibuyu mikubwa. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, juu zaidi kwenye mto uleule, R. F. W. Barnes alieleza mwaka 1980 jinsi mibuyu ilivyokuwa ikipungua kwa sababu ya tembo. Ufuatiliaji wa baadaye huko Msembe ulionyesha kwamba majangili walipowamaliza tembo wengi, mibuyu michanga ilianza kuonekana tena. Hakuna anayetaka kuipata mibuyu kwa bei hiyo. Lakini tunajifunza kwamba mbegu haikuwa imekwisha. Ilikuwa ikingoja kipindi cha nafuu. Yawezekana mibuyu mikubwa ya marika yanayolingana tunayoiona leo ni watoto wa vipindi kama hivyo, miaka michache mizuri ya mvua nyingi na walaji wachache iliyotokea zamani.

La pili ni kutoutambua. Jani la mbuyu mzima ni la vidole vitano hadi saba, na kila mtoto wa bondeni analijua. Jani la mche ni moja, halina vidole. Mkulima mwenye jembe, hata aliyezaliwa chini ya mbuyu, huliona ni gugu kama magugu mengine, akaling'oa. Tunasema kila siku kwamba mbuyu ulianza kama mchicha, na tunalisema kumtia moyo mwanafunzi au mfanyabiashara anayeanza. Mbona hatulitii maanani pale tulipo na jembe mkononi? Methali hiyo ni maelezo sahihi ya kilimo: huyo hapo miguuni pako, anafanana na mchicha, ndiye mbuyu.

Kinachohitajika si kigumu. Mbegu ya mbuyu ina ganda gumu. Porini hulainishwa tumboni mwa tembo au nyani, na nyumbani huloweshwa katika maji ya moto, au ganda lake hukwaruzwa kidogo ndipo ikapandwa. Mche ukiota unahitaji uzio wa miiba hadi kichwa chake kipite mdomo wa mbuzi. Mali na Burkina Faso watu hupanda mibuyu kwenye matuta kwa ajili ya majani tu, wakivuna mboga. Miche iliyobebeshwa kwa vikonyo vya miti inayozaa vizuri huzaa mapema kwa miaka mingi kuliko iliyoota kwa mbegu, na hilo linamfaa mkulima anayetaka kuuza ubuyu yeye mwenyewe akiwa hai.

Nilimuuliza mzee kwa nini mti ule haukukatwa wakati mashamba yalipopanuliwa. Alisema wazee walioishi kabla yake walitambika hapo mvua zilipokawia, na hakuna aliyethubutu kuugusa. "Sasa vijana wengi hawaogopi tena," akaendelea, "ila bado wanaheshimu." Pwani nimeona mibuyu iliyofungwa vitambaa vyeupe na vyekundu, ubani ukifukizwa mizizini. Wako wanaoliona hilo kuwa ushirikina, na sina nia ya kugombana na imani ya mtu. Nasema tu kwamba hofu ile ilifanya kazi ambayo sheria za misitu zilichelewa kuifanya: iliuacha mti uwe mzee. Lakini ulinzi huo ulimhusu mkubwa peke yake. Hakuna aliyetambikia mche. Kama hofu imeondoka na heshima imebaki, basi heshima hiyo sasa inabidi ishuke hadi kwenye mmea wa urefu wa kiganja.

Kwa hiyo ukienda kumzuru mkongwe, wa Ruaha, wa Bagamoyo, wa Kilifi au wa kijijini kwenu, fuata adabu hizi. Mtafute mwenyeji, usiende peke yako. Usichonge jina, Adanson alinufaika na majina ya mabaharia, lakini sisi tuna njia bora za kuupima umri. Ingia pangoni ukiwa umeuliza kwanza nyuki na nyoka wanakaa upande gani. Nunua ubuyu kwa mama anayeuuza barabarani, wala usimpunguzie bei, kwa sababu fedha hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuuacha mti usimame.

Kisha mwombe mwenyeji wako akuonyeshe mche. Kama upo, mkauwekee miiba pamoja. Kama haupo, mbegu zimejaa chini ya miguu yenu na maji ya moto yapo jikoni. Hutauona ukiwa mzee, wala mjukuu wako hatauona. Hata aliyeuacha ule wa Ruaha uote katikati ya mawe, mifugo na majembe hakuuona ukiwa hivi ulivyo, na sisi tumekaa kivulini kwake.